Shiro ya Etiye Yeshi na Kiti Kinachozunguka

Jumatatu, Yekatit 2

Leo mambo yameanza, na yameanza na mimi.

Ato Mekuria, Mkuu wa Manunuzi wa Maduka ya Gulicha, ametuita makao makuu sisi wasaidizi wa meneja wa matawi yote. Habari yenyewe hii. Mfungo Mkuu unaingia baada ya wiki mbili. Nyama nje, siagi nje, maziwa nje. Addis nzima itakula shiro mpaka Pasaka. Miaka yote Gulicha imeuza shiro moja tu, unga wa dengu na pilipili wa Etiye Yeshi, yaani Shangazi Yeshi. Sasa kiwanda fulani kimeleta shiro ya pakiti inayoitwa Fetan, yaani Haraka. Unamwaga maji moto, unakoroga, unakula. Ato Mekuria anasema rafu ni ya shiro moja. Anataka ushahidi: wateja wanaitaka ipi? Atakayeleta ushahidi unaosimama kwa miguu yake atakuwa msaidizi wake.

Ofisi ya msaidizi ina kiti kinachozunguka. Nilikikalia wenzangu walipokwenda kunywa chai. Kinazunguka pande zote mbili.

Mpinzani ni mmoja, Hirut wa tawi la Saris. Amevaa miwani, anaongea polepole, na ukimwambia lolote anauliza, "Umejuaje?" Nilimwambia mvua itanyesha. Umejuaje? Mtu wa hivyo ataolewa na nani? Mimi pia sijaoa, ila mimi nina sababu.

Kuna jambo jingine. Etiye Yeshi ndiye mwenye nyumba wangu. Chumba changu kiko uani kwake, kimeshikana ukuta na banda anamokaangia dengu yeye na wajane wanne. Rafu ikienda kwa Fetan, banda linafungwa na wajane wanarudi kukaa makwao na kuhesabu mabati ya dari. Nilimweleza jioni. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, jambo liko mikononi mwangu. Akaiangalia mikono yangu. Kisha akaniongezea injera, mkate wetu mwembamba.

Nikienda kulala nimesikia wajane wanasali bandani. Wametaja jina langu. Sijui walikuwa wanaomba nini kuhusu mimi.

Jumanne, Yekatit 3

Nimelala vibaya lakini nimeamka na akili. Ushahidi wa duka ni nini? Mauzo. Mauzo hutoka wapi? Kwa wanunuzi. Mimi si mtu? Basi mimi ni mnunuzi.

Katika tawi langu la Gerji wananijua. Nikaenda Saris, kwa Hirut mwenyewe, ili ushahidi wa kumshinda utoke mikononi mwake. Huo ndio ujanja wa kiwango cha juu. Nikajifunga gabi, shuka zito la marehemu baba, mpaka puani. Nikanunua shiro yote ya Etiye Yeshi iliyokuwa rafuni, nikamtuma mpanga bidhaa alete na ya stoo. Mpokea pesa akauliza kama kuna msiba. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Akanipa pole. Nikalipa kwa kadi yangu ya punguzo la wafanyakazi, maana ujanja si lazima uwe ghali.

Pakiti ziko mvunguni mwa kitanda. Kitanda kimenyanyuka kidogo upande wa miguu. Etiye Yeshi amepita mlangoni akauliza mbona chumba changu kinanukia banda lake. Nikasema ni upepo. Akatazama mti wa uani. Hakuna jani lililokuwa linatikisika.

Alhamisi, Yekatit 5

Nimepiga simu Saris kama mteja wa kawaida, nikabana pua. Kapokea Hirut. Nikamuuliza, dada, shiro ya Etiye Yeshi inakwendaje huko kwenu? Akasema Jumanne iliuzwa kuliko siku yoyote tangu tawi lifunguliwe. Moyo ukachanua! Akaendelea: tangu jana haijauzwa hata pakiti moja.

Nikauliza kwa nini. Akasema rafu ni tupu, kuna bwana mmoja alizoa zote, na Etiye huleta mzigo Jumatatu kwa Jumatatu. Watu wanaikosa, wananung'unika, wanachukua Fetan. Fetan inaruka.

Nikakata tamaa kidogo. Nikataka kuweka simu chini. Akasema, "Wubishet, mafua yakipona nisalimie Etiye."

Amejuaje?

Kosa si langu. Tawi zuri huwa na akiba.

Ijumaa, Yekatit 6

Siku kubwa. Naiandika yote.

Nimepata ushahidi ambao hauwezi kuishiwa rafuni: midomo ya watu. Nimeweka meza mlangoni mwa tawi la Gerji, jiko, chungu, injera, na shiro kutoka mvunguni. Nimechagua Ijumaa kwa makusudi, kwani Jumatano na Ijumaa, hata kabla ya Mfungo Mkuu, kila mtu amefunga, nyama haitashindana nami.

Nilianza saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo, kwamba aliyefunga hali kitu mpaka saa tisa alasiri. Mimi siku hizi nafunga kwa moyo zaidi kuliko kwa tumbo. Basi watu wakapita wameangalia pembeni. Kasisi mmoja mzee akasimama, akaniangalia mimi, akaangalia chungu, akanionyesha msalaba wake kimyakimya. Niliubusu. Nikafunika chungu.

Saa tisa ilipogonga, Mungu mkubwa, ilikuwa kama bomba limepasuka. Nikawa namega injera, nachovya, namtia mtu mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe. Gursha, tonge la heshima. Kijiko ni kitu cha hospitali. Kila tonge naweka punje moja ya dengu mfukoni, iwe hesabu.

Hakukataa mtu. Nasema hakukataa hata mmoja! Mama mmoja alisema katoka kung'olewa jino, akafungua mdomo upande wa pili. Mlinzi wa benki alikula na bunduki begani. Kila mmoja akasema tamu, Mungu akubariki, tamu sana. Na kwa kuwa kwetu husemwa tonge la kwanza hugombanisha na la pili hupatanisha, nani angekubali tuachane kwa ugomvi? Kila mtu alikula mawili, wazee matatu.

Nimerudi mfuko umejaa dengu mpaka suruali inashuka. Kesho Ato Mekuria atajua mimi ni nani.

Jumamosi, Yekatit 7

Ato Mekuria amejua mimi ni nani.

Nilimwaga dengu mezani kwake. Nikasema, mzee, hizi ni sauti za wateja. Akauliza ni wateja wangapi. Nikaonyesha lundo. Akauliza waliopita mlangoni siku hiyo walikuwa wangapi. Hirut, ambaye alikuwa amekaa pembeni kwa unyenyekevu wa uongo, akamwambia; kumbe alikuwa amempigia simu mlinzi wetu wa mlangoni. Dengu zangu zilikuwa karibu mara mbili ya watu wote walioingia dukani, wakiwemo watoto wa mgongoni.

Nikaeleza habari ya tonge la kwanza na la pili. Ato Mekuria akafumba macho. Akauliza waliokataa ni wangapi. Nikasema kwa fahari, hakuna. Akasema, "Wubishet mwanangu, wewe umezaliwa nchi gani? Ni nani hapa kwetu anakataa gursha? Ningekulisha kadibodi kwa mkono wangu ungesema tamu."

Nikasema nisingesema. Akasema ningesema. Kweli, ningesema.

Akaongeza kwamba mtu aliyefunga tangu usiku, ukimlisha saa tisa kamili, atausifu hata mwiko. Kwa hiyo sijapima shiro, nimepima njaa na adabu.

Basi nikafurahi kumsikia anamgeukia Hirut. Karatasi yake ya mauzo ya Saris ilionyesha Fetan juu, Etiye Yeshi sifuri. Ila chini kabisa Hirut mwenyewe alikuwa ameandika kwamba sifuri hizo haziaminiki, kwani rafu ilikuwa tupu, na mtu hawezi kununua kisichokuwepo. Mwanamke anajikata mguu mwenyewe! Ato Mekuria akaitazama ile sentensi muda mrefu kuliko alivyozitazama dengu zangu zote.

Ameamua hivi: Jumatano nirudie, meza ileile, saa ileile, matonge yaleyale, ila chunguni iwe Fetan. Hirut asimamie. Fetan ikisifiwa vilevile, ushahidi wangu ni takataka.

Nimetoka nikiwa mnyonge, kisha njiani nikachangamka. Nani atakayepika hiyo Fetan? Mimi.

Jumatano, Yekatit 11



Niliipika Fetan kwa ustadi wa kuiharibu. Maji mengi, moto mdogo, nikaiacha ipoe mpaka ikafanya ngozi. Chumvi niliisahau kwa kukusudia. Saa tisa nikaanza kulisha. Watu wakasema tamu, maana hawana jinsi, lakini nyuso zilisema kweli. Mzee mmoja alimeza akatazama mbinguni. La pili walilipokea wamefumba macho. Hirut alikuwa anaandika nyuso. Nikasema moyoni, kiti kile, nakuja.

Ndipo akatokea Etiye Yeshi. Alikuwa anapeleka mzigo kwa mkokoteni, akaona kundi la watu waliofunga wanalishwa maji ya rangi ya matope na mpangaji wake. Akasimama. Akauliza ni nini hiki. Nikamnong'oneza, Etiye, ni Fetan, ni adui yako, niachie, najua ninachofanya. Nikamkonyeza.

Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Adui ni kiwanda. Hawa ni wageni."

Akavua shali, akakunja mikono. Akanisukuma kwa kiuno kutoka kwenye chungu. Akakoleza moto. Akatoa kwenye kapu lake kitunguu saumu, mafuta, na ile pilipili yake anayoisaga mwenyewe na haiuzi kwa mtu. Akakoroga mpaka harufu ikavuka barabara. Nilimshika mkono nikamwambia Etiye, unajizika mwenyewe, wajane wanne watalala njaa. Akasema watu hawali chakula cha aibu mbele yake, na hata hao wajane wangekuwepo wangemsaidia kumenya saumu.

Akaanza kuwalisha, akiwabembeleza kwa kiapo cha mama zetu. "Nife mimi, kula. Nife mimi, bado moja." Matonge ya ngumi! Kasisi wa siku ile alirudi mara mbili. Watu wakauliza shiro hii inaitwaje, na yeye, kwa kuwa hajui kusema uongo na chakula mkononi, akawaonyesha pakiti. Fetan. Wakaingia ndani wakanunua mpaka ikaisha.

Hirut alikula pia. Alikula matatu, akafuta miwani.

Jioni Etiye alikuwa amekaa peke yake bandani, moto umezimwa. Sijamzoea hivyo. Nilikaa mlangoni. Akasema, si kwamba hakujua. Alijua. Ila mkono ulitangulia. Akasema amezikaanga dengu hizo tangu mumewe alipokufa, na lile banda ndilo lililomfundisha kuamka asubuhi. Nilitaka kusema neno la busara. Nikasema shiro yake ni tamu. Akasema ninasema hivyo kwa sababu nimelishwa. Tulicheka kidogo, kisha akaomba nimwache.

Nimelia kidogo bafuni. Maji yalikuwa yamekatika, kwa hiyo siwezi kusingizia sabuni.

Ijumaa, Yekatit 13

Hukumu. Ato Mekuria ametuita watatu, mimi, Hirut na Etiye Yeshi. Etiye alivaa nguo nyeupe ya kanisani, kama anayekwenda kuaga.

Ato Mekuria akaanza na mimi. Akasema gursha za Ijumaa hazisemi kitu. Gursha za Jumatano zinasema kitu kidogo, ila hakijulikani ni nini, kwa sababu chunguni mlikuwa na Fetan na mezani palikuwa na Etiye Yeshi, na hakuna pakiti inayouzwa na Etiye ndani yake. Wateja walionunua Fetan jioni ile, wanane tayari wamerudi kulalamika kwamba ya nyumbani haifanani.

Akaja kwenye karatasi za Saris. Akasema kuna mnunuzi mmoja Jumanne aliyeharibu hesabu ya wiki nzima. Nikasema kwa masikitiko kwamba watu wengine hawana utu. Akasema alikuwa mwanamume, kajifunga gabi mpaka puani, ana msiba. Nikasema Mungu amfariji. Akasema alilipa kwa kadi ya punguzo la wafanyakazi, na kadi ina jina.

Nilitazama dirisha. Ghorofa ya nne, mbali.

Etiye Yeshi hakunitazama. Alisema taratibu, "Ndiyo maana kulikuwa na upepo."

Nilingoja kufukuzwa. Ato Mekuria akashika kichwa, akasema ushahidi wote alionao una mguu mbovu: mmoja ni adabu, mmoja ni njaa, mmoja ni rafu tupu, na mmoja ni mimi. Akasema hawezi kumwondoa mtu rafuni kwa ushahidi kama huo, wala hawezi kumbakiza. Kwa hiyo rafu itagawanywa. Shiro zote mbili zitakaa bega kwa bega Mfungo wote, rafu zisiwe tupu hata siku moja, na siku ya Pasaka atatazama jambo moja tu, nani alinunua, akapika kwake, akarudi kununua tena. Isiyorudiwa itaondoka. Akanigeukia akasema mimi nisiikaribie shiro yoyote, kwa mkono, kwa simu, wala kwa gabi.

Nafasi ya msaidizi amepewa Hirut. Ato Mekuria amesema ni kwa sababu ni yeye peke yake aliyeandika kosa la ushahidi wake mwenyewe.

Hirut alipotoka alinipa mkono. Akasema ule mchezo wa dengu mfukoni ulimchekesha, na kwamba hakunikosoa kwa nia mbaya. Nikamwambia kiti kile kinazunguka pande zote mbili. Akauliza, umejuaje?

Etiye tumerudi naye kwa miguu. Nilimwomba radhi kwa sauti ndogo. Akasema nimempatia Mfungo mzima, hilo si dogo, hata kama nilikuwa naelekea kwingine. Nyumbani akawasha moto bandani. Wajane walipiga vigelegele. Akanilisha matonge matatu kwa mkono wake. Yalikuwa matamu. Sijali kama ni ushahidi au si ushahidi.

Jumatatu, Yekatit 16

Mfungo umeingia. Nimefikiri sana, kwa utulivu, kama mtu mzima.

Kosa langu nimeliona. Kosa lilikuwa kadi ya punguzo.

Ato Mekuria anataka watu wanaorudi kununua tena. Vizuri. Nani anaweza kurudi kununua tena kuliko mtu mwenye nia? Amesema nisiikaribie kwa gabi. Leo nimevaa koti la mvua. Nimelipa taslimu, bei kamili. Saris, nimezoa yote ya rafuni. Alhamisi nitarudi tena. Huo si ndio ushahidi wenyewe?

Mvunguni hakuna tena nafasi. Nyingine nimeziweka nyuma ya kabati. Etiye asijue, nataka iwe zawadi ya Pasaka.

Jumamosi, Yekatit 21

Wiki ya ajabu.

Alhamisi nilikwenda Saris na koti langu, nikitegemea rafu tupu, nikakuta imejaa shiro ya Etiye. Ajabu! Si Jumatatu wala nini. Nikazoa tena, moja ikiwa na vumbi kama la mvunguni kwangu, na usiku nikazisukuma chini ya kitanda bila kuwasha taa. Jana nimepita kuchungulia, imejaa tena. Mauzo ni moto! Mwanamke ana baraka.

Hirut siku hizi anakuja jioni kunywa kahawa na Etiye. Wananong'ona, wananitazama, wanacheka. Sina shaka wananizungumzia mema. Leo kaondoka na kapu zito la kubebwa na watu wawili. Etiye humpa kila mgeni mkate. Nilimsaidia kubeba mpaka barabarani, mgongo bado unauma. Nikamwambia mkate wenu huu una uzito wa dengu. Akaniuliza, umejuaje? Hata kwenye mkate!

Etiye naye amesema mwezi huu nisilipe kodi, kodi imeshalipwa. Nikauliza na nani. Akasema na mpangaji mmoja mjinga mwenye moyo mzuri. Sikuwahi kujua kuna mpangaji mwingine.

Habari mbaya ni hii. Nilitaka kupanga vizuri hazina yangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Hakuna kitu! Nyuma ya kabati pia, weupe. Kitanda kimerudi chini kama zamani, na mimi sikutambua.

Nimechunguza sakafu kwa tochi. Hakuna punje, hakuna kipande cha karatasi. Ni panya. Panya wakubwa, tena wastaarabu.

Jumatatu nanunua mtego. Na pakiti nyingine, kufidia.